Kichwele Ilipogeuka Uhuru

Baada ya mwaka 1961, Dar es Salaam ilikuwa na mitaa miwili iliyopewa jina la tukio moja. Wa kwanza ulikuwa katikati ya mji, penye benki, ofisi na maduka makubwa. Wajerumani waliuita Unter den Akazien, kwa ajili ya miti iliyopandwa kandokando yake. Waingereza wakaja wakauita Acacia Avenue. Tanganyika ilipojitawala, ukaitwa Independence Avenue. Mtaa wa pili ulianzia karibu na pale wa kwanza unapokoma, kwenye Mnara wa Saa, ukapita Mnazi Mmoja, ukaambaa na Kariakoo, ukateremka Ilala mpaka Buguruni. Jina lake lilikuwa Kichwele. Nao ulibadilishwa, ukaitwa Uhuru.

Hivyo kule mjini furaha ya kujitawala iliandikwa kwa Kiingereza, na huku kwa watu wa kawaida ikaandikwa kwa Kiswahili. Miaka ilipita, Independence Avenue ikafutwa na kupewa jina la Samora Machel wa Msumbiji. Uhuru haukufutwa, na mpaka leo kondakta wa daladala akiutaja hakuna abiria anayeuliza ni wapi.

Ili kuelewa uzito wa jina hilo mahali hapo, lazima tukumbuke mji ulivyokuwa umepangwa. Tangu enzi za Wajerumani, na zaidi chini ya Waingereza, Dar es Salaam iligawanywa mafungu matatu kwa sheria za ujenzi: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati, na mji wa Waafrika nyuma yake. Kati ya Uhindini na Kariakoo iliachwa nafasi wazi. Kisingizio kilikuwa afya, kwamba maradhi yasivuke kutoka kwa weusi kwenda kwa wengine. Nafasi hiyo ndiyo Mnazi Mmoja. Leo watoto wanachezea pale na hafla za kitaifa zinafanyika, na wengi hawajui kwamba uwanja huo ulikuwa mpaka wa rangi uliochorwa kwenye ramani.

Kichwele iliukata mpaka huo. Ilitoka upande wa Wahindi, ikapita katika ile nafasi wazi, ikaingia kwenye mitaa ya Kariakoo, kitongoji ambacho jina lake lenyewe ni ukumbusho wa wapagazi wa jeshi la Waingereza waliowekwa pale wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wafanyabiashara wa Kihindi walifungua maduka kando ya Kichwele kwa sababu wateja wao Waafrika walikuwa hatua chache tu: wanunuzi wa kanga, shuka, mafuta ya taa, sukari ya kupimiwa. Familia ya duka ililala ghorofani au chumba cha nyuma, na mlango wa mbele ulitazama Kariakoo. Katika mji uliokusudiwa watu wasikutane, huu ulikuwa mtaa wa kukutana, ingawa walikutana kwa kutenganishwa na kaunta ya duka.

Siasa nayo ilikuwa jirani. Mtaa unaoipita Kichwele pale Mnazi Mmoja uliitwa New Street. Katika jengo dogo la mtaa huo ndipo chama cha TANU kilipoundwa tarehe 7 Julai 1954, Julius Nyerere akiwa rais wake. New Street sasa ni Mtaa wa Lumumba, kwa heshima ya Patrice Lumumba aliyeuawa Kongo mwezi Januari 1961. Makutano hayo yanastahili kuitwa moyo wa historia ya nchi. Chama kilizaliwa upande mmoja, wanachama wake walikaa upande mwingine, kwenye nyumba za Mtaa wa Aggrey, Sikukuu, Swahili, Mchikichi na Narung'ombe. Gazeti la chama, lililoanzishwa mwaka uleule wa kujitawala, nalo likaitwa Uhuru.

Mtaa wa tatu unaofika hapo una jina la Bibi Titi Mohamed. Mwanamke huyu alikuwa mwimbaji wa vikundi vya lelemama kabla ya siasa, na ndiye aliyewavuta wanawake wa mji huu kwa maelfu kukata kadi za TANU, wakati ambapo wanaume wengi wenye ajira serikalini walikatazwa kujiunga. Mwaka 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini. Akahukumiwa kifungo cha maisha, kisha Nyerere akamsamehe mwaka 1972. Alikaa miaka mingi bila kutajwa hadharani kabla ya heshima yake kurudishwa. Sasa jina lake limeandikwa kwenye barabara pana inayokutana na Uhuru. Mwanamke aliyeupigania uhuru kwa sauti yake alifungwa ndani ya nchi huru, na ramani ya mji imeyaweka majina hayo mawili pamoja. Naona ni haki kabisa kwamba yako pamoja.

Mtaa huu ulipata bahati ambayo mitaa michache ya Afrika Mashariki imeipata: ulipata mwandishi wake. Moyez Vassanji alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akakulia Dar es Salaam, kisha akaenda Marekani kusomea fizikia ya nyuklia kabla ya kuhamia Toronto, Canada. Riwaya yake ya kwanza, The Gunny Sack, ilitoka mwaka 1989 na inasimulia vizazi vya familia ya Kihindi ya Afrika Mashariki. Humo mtaa ungali Kichwele. Mwaka 1991 akatoa mkusanyo wa hadithi fupi, na safari hii jina la mtaa likapanda kwenye jalada: Uhuru Street.

Kitabu hicho kinaanza katika miaka ya mwisho ya ukoloni na kufika mbali baada yake. Wahusika wake ni watu wadogo: wenye duka, watumishi wa nyumbani, ombaomba, wanafunzi, mama anayelea watoto bila baba. Katika hadithi iitwayo "Leaving", kijana anapata nafasi ya kusoma Marekani na mama yake analazimika kuamua kama atamwacha aende. Uamuzi huo ulikuwa unafanywa katika nyumba nyingi za mtaa huo. Vassanji hakuandika kuhusu viongozi wala hotuba zao. Aliandika jinsi habari za taifa zinavyoingia dukani na kubadilisha maisha ya waliokaa nyuma ya kaunta.

Habari kubwa kuliko zote iliingia mwezi Aprili 1971. Serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Sehemu kubwa ya majengo hayo ilikuwa mali ya Wahindi, na mengi yalikuwa katika mitaa hii hii ya biashara. Kwa serikali ya Ujamaa, hiyo ilikuwa hatua ya kuwaondolea wananchi makabaila wa mijini waliotajirika kwa kodi za nyumba. Kwa familia iliyoweka akiba ya miaka thelathini ili ijenge ghorofa moja, ilikuwa ishara ya kufunga masanduku. Maelfu waliondoka kwenda Uingereza na Canada. Siwezi kuandika historia ya mtaa huu nikataja upande mmoja tu wa jambo hilo. Mpangaji Mwafrika aliyebaguliwa miaka yote alikuwa na dai la haki, na mwenye duka aliyezaliwa Kichwele, asiyeijua nchi nyingine, naye alikuwa na dai lake. Vassanji anawasikiliza watu wa pande zote mbili bila kumfanya yeyote kuwa jini, na ndiyo sababu kitabu chake hakijachakaa. Aliurudia mji huo tena mwaka 2014 katika kumbukumbu zake za safari, And Home Was Kariakoo.

Jina la mtaa wenyewe limesambaa mbali. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimika mwenge na bendera ya Tanganyika juu ya Kilimanjaro. Kilele hicho, chenye mita 5,895, Mjerumani Hans Meyer alikuwa amekipa jina la mfalme wake Kaiser Wilhelm mwaka 1889. Kikaitwa Uhuru. Uwanja wa Taifa kule Temeke, palipofanyika sherehe za usiku huo, ulikuja kuitwa Uwanja wa Uhuru baada ya uwanja mpya kujengwa jirani yake mwaka 2007. Reli ya kwenda Zambia, kilomita 1,860 zilizojengwa kwa msaada wa China, wananchi waliiita Reli ya Uhuru kwa sababu iliipa Zambia njia ya baharini isiyopita kwenye nchi za makaburu na walowezi. Kando ya mtaa wenyewe kuna shule ya msingi ya Uhuru Mchanganyiko, ambako watoto wasioona na wenye ulemavu mwingine husoma pamoja na wenzao.

Nairobi nako barabara kuu inayopita mjini ina jina hilohilo. Kabla yake ilikuwa na jina la Elizabeth, binti mfalme wa Uingereza aliyekuwa ziarani Kenya baba yake alipofariki Februari 1952, akageuka malkia akiwa katika ardhi hiyo. Kando ya Uhuru Highway iko bustani ya Uhuru Park, iliyofunguliwa na Jomo Kenyatta mwaka 1969. Hapo jina lilidaiwa waziwazi. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipinga mpango wa chama tawala wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani hiyo; alitukanwa bungeni, lakini jengo halikujengwa. Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa kwenye kona ya bustani hiyo wakigoma kula. Polisi walipowavamia kwa virungu na mabomu ya machozi, baadhi yao walivua nguo mbele ya askari, laana nzito kuliko zote kwa mama wa Kiafrika. Wakahamia kanisa la All Saints lililo jirani na kuendelea na mgomo wao. Miaka 18 baadaye, tarehe 27 Agosti 2010, Katiba mpya ya Kenya ilitangazwa rasmi katika bustani hiyohiyo.

Oginga Odinga, makamu wa kwanza wa rais wa Kenya, alikuwa ameshasema mapema kwamba kazi haijaisha. Tawasifu yake ya mwaka 1967 aliipa jina la Not Yet Uhuru, na Kwame Nkrumah akaiandikia dibaji.

Ng'ambo, mpiga piano Randy Weston alirekodi New York mwezi Novemba 1960 albamu aliyoiita Uhuru Afrika. Mshairi Langston Hughes alimwandikia maneno, Melba Liston akapanga muziki, na Tuntemeke Sanga, kijana wa Tanganyika, akasoma maneno kwa Kiswahili. Makaburu wa Afrika Kusini waliipiga marufuku. Mwaka 1966 mwigizaji Nichelle Nichols alipokwenda kufanyiwa majaribio ya mfululizo wa televisheni Star Trek, alikuwa amebeba riwaya ya Robert Ruark yenye jina la Uhuru. Kutokana na hilo, mhusika wake akaitwa Uhura.

Kisha jina likaruka hewani kwa kweli. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya kujitawala, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kujengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Marjorie Townsend, Mmarekani aliyesimamia mradi huo, aliipa jina la Uhuru kwa heshima ya wenyeji. Ilifanya kazi mpaka mwaka 1973, ikaorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo, na kuwasaidia wanasayansi kuitambua Cygnus X-1, mojawapo ya mashimo meusi ya kwanza kujulikana. Riccardo Giacconi, kiongozi wa kazi hiyo ya kisayansi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Kati ya vyote hivyo, kilele, uwanja, bustani na setilaiti, kwangu mimi mtaa wa Dar es Salaam ndio wenye haki kubwa zaidi ya jina. Vingine vilipewa kwa sherehe. Mtaa huu ulilibeba jina katika biashara ya kila siku, katika kanga zinazouzwa kwa jora pale Mnazi Mmoja, katika mitumba ya soko la Karume lililoungua Januari 2022 na wafanyabiashara wake wakaanza upya, katika foleni ya wagonjwa wa Hospitali ya Amana. Waliobaguliwa na walioondoka, waliofungwa na waliosamehewa, wote wamepita juu yake.

Wazee wanaokumbuka Kichwele wanapungua kila mwaka, na maghorofa mapya ya Kariakoo yanameza nyumba walizozaliwa. Wenye mamlaka ya jiji waweke kibao pale Mnazi Mmoja chenye majina yote mawili: Mtaa wa Uhuru, zamani Kichwele. Walimu wa shule zilizo kando ya mtaa huo wawatume wanafunzi wao kwa wazee hao na daftari mkononi, waandike nani alikaa nyumba ipi na duka lipi liliuza nini, kabla hakujabaki wa kuulizwa.