Ugomvi Wenye Mwisho: Makunduchi, Greenland na Bronx

Kijana wa miaka 15 hapigani peke yake. Hata akiwa na hasimu mmoja tu mbele yake, nyuma yake kuna wenzake wanaotazama, na macho yao anayaogopa kuliko ngumi. Akitukanwa njiani pasipo mtu, huenda akasonya akapita. Akitukanwa mbele ya darasa zima, kupita ni kukubali aibu itakayomfuata muhula mzima. Ndiyo maana nasaha zetu za kila siku, yaani nyamaza, vumilia, mpishe mwenye hasira, humwingia sikio hili na kutokea lile. Tunamwambia aache ugomvi, lakini hatumwambii heshima yake ataipata wapi akishauacha.

Zipo jamii zilizolitafutia jibu swali hilo. Hazikuukana ugomvi, ziliupa uwanja, mashahidi na siku ya kuumaliza. Hapa nitazipima tatu zilizo mbali mno moja na nyingine: Makunduchi ya Unguja, Ammassalik ya mashariki ya Greenland, na Bronx ya New York.

Tuanzie nyumbani. Kila mwaka, mwezi wa Julai, watu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, huadhimisha Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa kale unaokwenda kwa hesabu ya jua. Wanaume wa pande mbili za mji hutoka uwanjani wakatwangana kwelikweli. Zamani walishika fimbo. Siku hizi hushika mabua ya migomba, ambayo huuma bila kuvunja mfupa. Wanawake nao, wamejifunga kanga zao mpya, huzunguka wakiimba nyimbo zenye vijembe na maneno ambayo siku nyingine yangeleta kesi. Kisha kibanda cha makuti hutiwa moto, watu hurudi majumbani, wageni hukaribishwa na chakula huliwa. Lengo linajulikana kwa mkubwa na mdogo: vinyongo vya mwaka uliopita vitoke, mwaka mpya uanze na mioyo myeupe. Aliyekuchapa asubuhi anaweza kuwa mgeni wako mchana, na kumnunia kwa ajili ya lile bua ni kujivunjia heshima wewe mwenyewe.

Huko Ammassalik kulikuwa na baridi na barafu, na hakukuwa na mahakama wala askari. Jamii ilikuwa ndogo, na mauaji ya mtu mmoja yangeweza kuifuta nyumba nzima kwa visasi. Watu wenye ugomvi, uwe wa mke, wa nyama au hata wa damu, walishindana kwa nyimbo. Kila mmoja alitunga wimbo wake mapema, akasimama mbele ya mwenzake na kadamnasi, akamwimbia aibu zake huku akigonga ngoma nyepesi ambayo fimbo yake hupiga ukingo, si ngozi. Mwenye kuimbwa alitakiwa asimame asikilize, bila kuonyesha kuudhika. Kicheko cha watazamaji ndicho kilichokuwa hukumu. Shauri liliweza kurudiwa msimu baada ya msimu, na kati ya shindano na shindano wahasimu waliendelea kuwinda na kula kama kawaida. Wamisionari waliipiga vita desturi hiyo, lakini ngoma yenyewe haikufa: mwaka 2021 UNESCO iliingiza uimbaji na uchezaji wa ngoma wa Wainuiti wa Greenland katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Msomaji wa Afrika Mashariki hataona ajabu katika hili. Mitaa ya Mkomani na Langoni kule Lamu ilipambana kwa ngoma na tungo kwa vizazi. Vyama vya beni vya Marini na Arinoti viliueneza ushindani wa aina hiyo kutoka pwani hadi bara katika miaka ya ukoloni. Na vijana wa Nairobi, bila kufundwa na mzee yeyote, wana mchongoano: wawili husimama katikati ya wenzao wakarushiana maneno ya kupindukia juu ya umaskini, sura na jamaa za kila mmoja. Sheria yake ni ileile ya Ammassalik. Anayekasirika ameshindwa. Wahenga walikwisha kulisema kwa ufupi: asiyekubali kushindwa si mshindani.

Bronx ilifika hapo kwa njia ya damu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wilaya hiyo ya New York ilikuwa imegawanywa na magenge ya vijana, na kuvuka barabara ukiwa umevaa koti lenye nembo ya genge lako kuliweza kukugharimu uhai. Tarehe 2 Desemba 1971, Cornell Benjamin, aliyejulikana kama Black Benjie, mpatanishi wa kundi la Ghetto Brothers, aliuawa alipokwenda kuzuia mapigano. Wote walitazamia vita. Lakini Benjy Melendez, kiongozi wa kundi hilo, alikataa kulipiza kisasi, na tarehe 8 Desemba viongozi wa magenge walikutana katika ukumbi wa klabu ya wavulana ya Hoe Avenue. Walitukanana, walilaumiana, kisha wakakubaliana masharti.

Masharti hayo yanastahili kuzingatiwa na kila mwalimu wa nidhamu. Magenge mawili yakigombana, viongozi wazungumze. Uvumi ukisikika kwamba kundi fulani linajiandaa kushambulia, viongozi waulizane kwanza kabla ya kuuamini. Wanachama wawili wakikosana, wazungumze wenyewe. Wakishindwa kuelewana, wapigane wao wawili tu, na baada ya hapo jambo lihesabiwe limekwisha. Ni sharti la Makunduchi hilohilo, ingawa waliolitunga hawakuwahi kuisikia Makunduchi.

Amani ile haikuyafuta magenge kwa siku moja, lakini ilifungua njia za kupita. Vijana walianza kukanyaga mitaa ya wenzao na kuhudhuria muziki wao. Tarehe 11 Agosti 1973, kijana wa miaka 18, DJ Kool Herc, alipiga muziki katika sherehe iliyoandaliwa na dada yake katika jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kuzaliwa kwa hip hop. Makundi yaliendelea kushindana, ila sasa kwa kucheza na kughani, duara la watu likiwa limewazunguka. Mwaka 2024 uchezaji huo ulifika Michezo ya Olimpiki ya Paris.

Kwa hiyo mila hizi tatu zinafanana katika mambo matatu: watazamaji, sheria na mwisho, ingawa Ammassalik mwisho huo uliweza kuchelewa. Zinatofautiana katika mshika sheria. Makunduchi ni wazee na kalenda. Ammassalik ni jamii nzima kwa kicheko chake. Bronx ni vijana wenyewe waliokuwa wakipigana. Mashindano ya aina hii yana kasoro zake pia. Mwaka ni muda mrefu kwa kijana aliyeudhiwa leo. Shindano la nyimbo halitafuti haki: mwenye ulimi mkali humshinda mwenye ukweli. Nalo shindano la heshima likikosa kipimo hufilisi watu, kama lilivyowatia baadhi ya washindani wa ngoma za pwani katika madeni ya karamu na mavazi. Tena, dawa hii si ya kila ugonjwa. Ni ya watu wanaolingana. Mtoto anayeonewa na mkubwa kila siku si mshindani, anahitaji kulindwa. Na kijana anayevamia nyumba usiku na panga, kama walivyofanya waliopewa jina la Panya Road jijini Dar es Salaam, hiyo ni kazi ya polisi.

Hata hivyo ugomvi mwingi wa shule na mitaa ni wa wanaolingana, na hapo ndipo tumewaacha vijana mikono mitupu. Tazama ugomvi wa kwenye simu. Kundi la WhatsApp lina watazamaji 200, lakini halina mwamuzi, halina sheria, wala halina saa ya kufunga. Tusi lililoandikwa Jumatatu husambazwa upya Ijumaa, na aliyetukanwa hana pa kujibia isipokuwa nje ya geti. Tumebaki na hadhira ya Ammassalik bila ngoma yake, na uwanja wa Makunduchi bila moto wa kibanda.

Kati ya mila hizi, kwa vijana wa leo naipa uzito zaidi Bronx. Watu wazima walitoa ukumbi, lakini maneno ya mkataba yalitoka kwa waliokuwa na chuki, na ndio walioweza kuwakemea wenzao walipoyavunja. Sisi hufanya kinyume. Kwenye kongamano la amani tunawaalika viranja na wapole, tunawahutubia, tunawapa soda, na wagombanaji wenyewe wako nyuma ya madarasa wakipanga watakavyokutana jioni.

Mwalimu, sheha, mwenyekiti wa mtaa: waite hao wa nyuma ya madarasa. Wape chumba na muda, waandike wenyewe sheria za kukosana, wachague mwamuzi ambaye pande zote mbili zinamkubali, na waamue ni katika jambo gani watashindana hadharani: mpira wa mchangani, ngonjera, mchongoano au kucheza. Usiwalazimishe kupendana. Wawekee sharti moja tu wasiloruhusiwa kulifuta, kwamba baada ya shindano jambo limekwisha na atakayelifufua atajibu kwa wenzake wa upande wake mwenyewe.