Kuonyesha Maendeleo ya Kazi Ndefu katika Kivinjari, 1993–2011

Makala haya yanachunguza swali lililowasumbua watunzi wa programu za tovuti tangu mwanzo: mtumiaji aelezwe nini wakati seva inafanya kazi ya dakika kadhaa? Swali lenyewe ni kongwe kuliko Wavuti. Mwaka 1985 Brad Myers alichapisha utafiti uliotetea viashiria vya asilimia katika kompyuta. Hata hivyo, programu ya kompyuta ya mezani iliimiliki skrini. Seva ya mbali haikuwa na uwezo huo.

Kikwazo kilikuwa itifaki ya HTTP: kivinjari huomba, seva hujibu, shauri huisha. Mfumo wa CGI, ulioanza mwaka 1993, uliziwezesha programu kutunga majibu, ila seva kadhaa za awali ziliyakusanya kwanza ndipo zikayatuma. Mwaka 1995 Netscape iliruhusu seva kusukuma kurasa mfululizo, au ukurasa kujipakia upya kila baada ya sekunde kadhaa. HTTP/1.1 ya mwaka 1997 ilikubali jibu litumwe vipande vipande bila urefu wake kutangazwa mapema.

Kwa nadharia, tatizo lilikuwa limekwisha. Kwa vitendo, mtunzi wa PHP aliyeita amri ya flush() aligundua kwamba maneno yake bado yamezuiwa njiani: katika hifadhi ya muda ya PHP yenyewe, katika ukandamizaji wa data wa seva, katika seva ya kati, hata ndani ya kivinjari. Baadhi ya matoleo ya Internet Explorer yalisubiri baiti 256 kabla ya kuonyesha chochote. Netscape haikuchora jedwali hadi lifungwe. Ndiyo maana skripti za enzi hizo zilitanguliza nafasi tupu nyingi, hila isiyopendeza lakini yenye kufanya kazi. Si kwamba ngazi hizo zilikosea. Kila moja ilikusanya data ili kupunguza gharama ya usafirishaji.

Gharama ya ukimya, hata hivyo, ilimwangukia mtumiaji. Asiyeona dalili ya kazi hubonyeza tena, na katika mfumo wa malipo kubonyeza tena kunaweza kumaanisha kulipa mara mbili. Kuna kinaya hapa. PHP haitambui kwamba mtumiaji ameondoka mpaka ijaribu kumtumia kitu. Ikitambua, kwa kawaida huikatisha skripti. Basi skripti iliyotangaza maendeleo yake kwa bidii ndiyo iliyokuwa rahisi kukatishwa katikati, ilhali ile iliyonyamaza iliendelea.

Suluhisho la kudumu lilikuwa kuitenganisha kazi na ukurasa. Msimbo 202, uliokuwamo katika HTTP/1.0 ya mwaka 1996, tayari ulimaanisha kwamba ombi limepokelewa ila halijakamilika. XMLHttpRequest, iliyoletwa na Internet Explorer 5 mwaka 1999 na kuenea baada ya jina Ajax kubuniwa mwaka 2005, iliwezesha kivinjari kuulizia hali ya kazi bila kupakia ukurasa upya. Kuulizia huko kulikuwa na bei: Afrika Mashariki, kabla ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kufika mwaka 2009, swali lililopitia setilaiti lilichukua zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi. Opera ilijaribu matukio yanayotumwa na seva mwaka 2006, na WebSocket ikasanifishwa mwaka 2011.

Njia hizo mpya hazikufuta hitaji la rekodi. Asilimia isiyohifadhiwa kwenye hifadhidata hupotea muunganisho unapokatika, na mtumiaji anayerudi hukuta ukurasa usiojua kama ombi lake lilifika.