Jicho Linalotangulia Kamera: Wachaguzi wa Waigizaji katika Sinema ya Kifaransa

Mchaguzi wa waigizaji ndiye anayesoma mswada wa filamu mapema, akatafuta nani anafaa kila nafasi, akawasaili watu hao, kisha akampelekea mwongozaji majina machache ya kuamulia. Katika sinema ya lugha ya Kifaransa kazi hii imetambuliwa kama fani inayojitegemea kwa takriban nusu tu ya umri wa sinema yenyewe. Wengi walioijenga ni wanawake, na kadhaa kati yao waliiingia wakitokea kwenye uigizaji, jambo lisiloshangaza: aliyewahi kusimama upande wa pili wa meza ya usaili anajua kinachomtetemesha anayesailiwa.

Kabla ya hapo hapakuwa na mtu wa kuitwa hivyo. Miaka ya 1930 mtayarishaji alianza na nyota, kwa sababu jina la Jean Gabin au la Arletty ndilo lililovuta fedha. Nafasi za kati zilijazwa na waigizaji wa majumba ya tamthilia ya Paris, ambao mchana walifanya kazi studio na usiku wakarudi jukwaani. Mawakala walipendekeza wateja wao, na waigizaji wa ziada waliitwa na msimamizi wa kikosi cha upigaji picha. Mfumo huo ulitosha maadamu filamu zilitengenezwa ndani ya studio, kwa sura ambazo watazamaji walikwisha kuzizoea.

Mfumo huo ulianza kulegea pale waongozaji vijana walipotoka na kamera zao kwenda barabarani. Mwaka 1958 François Truffaut, aliyekuwa na umri wa miaka 26, alitoa tangazo katika gazeti la France-Soir akitafuta mvulana wa kuigiza mhusika mkuu wa filamu yake ya kwanza ndefu, Les Quatre Cents Coups. Kati ya waliojitokeza alikuwamo Jean-Pierre Léaud, mwenye umri wa miaka 14, mwanafunzi mtundu wa shule ya bweni na mtoto wa mama mwigizaji. Truffaut aliwarekodi wavulana hao wakijibu maswali. Mbinu hiyo ya usaili ikaja kuingia ndani ya filamu yenyewe: katika tukio la mahojiano na mtaalamu wa saikolojia, kamera inamkazia Léaud peke yake, naye anajibu bila maneno aliyoandikiwa, akichezesha vidole mezani na kutafuta jibu huku anatabasamu. Muulizaji haonekani, sauti yake tu ndiyo inayosikika. Hadi leo usaili wa watoto hufanywa hivyo: kamera, meza, na mtu asiyeonekana anayeuliza maswali ya kawaida kabisa.

Truffaut alijitafutia mwenyewe. Aliyeifanya shughuli hiyo kuwa kazi ya mtu maalumu Ufaransa ni Margot Capelier, na ndiye anayehesabiwa kuwa wa kwanza katika fani hiyo nchini humo. Alizaliwa mwaka 1910, na ujanani alikuwa katika Groupe Octobre, kikundi cha tamthilia cha mrengo wa kushoto alichokuwamo pia mshairi Jacques Prévert, kilichoigiza hata mbele ya wafanyakazi waliogoma. Alipoingia kwenye sinema alikuwa na hazina ya watu ambayo hakuna wakala aliyekuwa nayo. Waamerika na Waingereza waliokuja Ufaransa kupiga filamu walimhitaji, kwa kuwa kwao kazi ya kuchagua waigizaji ilikuwa tayari na mtu wake. Alishiriki katika The Day of the Jackal ya mwaka 1973 na Julia ya mwaka 1977, zote za mwongozaji Fred Zinnemann.

Kizazi kilichomfuata kilipata fursa ambayo Capelier hakuwa nayo: sinema ya Ufaransa iliyotaka sana nyuso za vijana. Mwaka 1980 Françoise Menidrey, aliyekuwa akitafuta msichana wa filamu ya La Boum ya Claude Pinoteau, aliomba majina kutoka kwa mawakala wa wanamitindo, akampata Sophie Marceau, mwenye umri wa miaka 13, binti wa dereva wa lori. Tiketi zaidi ya milioni 4 ziliuzwa Ufaransa, na jina la Marceau likawa maarufu kuliko la mwongozaji. Jina la Menidrey halikutoka nje ya wenye fani.

Mfano wa karibu zaidi ni À nos amours ya Maurice Pialat, ya mwaka 1983. Dominique Besnehard, aliyeiona kazi ya Capelier kuwa shule yake, alihusika kuwatafuta waigizaji wa filamu hiyo na pia aliigiza ndani yake kama kaka wa mhusika mkuu. Mhusika huyo alichukuliwa na Sandrine Bonnaire, mwenye umri wa miaka 15, mmoja wa watoto 11 wa familia ya wafanyakazi. Pialat aliigiza baba. Kuna tukio la chakula, karibu na mwisho, ambapo baba aliyeihama familia anaingia ghafla. Waigizaji waliokuwa mezani hawakuwa wameambiwa kwamba angeingia, na mshangao unaoonekana nyusoni mwao ni wa kweli. Besnehard alikuwa mezani hapo, akiyaishi matokeo ya uchaguzi wake mwenyewe: binti asiye na mafunzo yoyote aliyesimama imara mbele ya mwongozaji aliyeogopwa na wengi. Mwaka uliofuata filamu ilipata tuzo ya Kifaransa ya César ya filamu bora kwa pamoja na Le Bal, na Bonnaire akapata César ya mwigizaji chipukizi.

Upande wa Ubelgiji, ndugu Jean-Pierre na Luc Dardenne walijenga sinema nzima juu ya watu wasiojulikana. Jérémie Renier alikuwa mvulana tu walipomweka katika La Promesse, ya mwaka 1996. Miaka mitatu baadaye Émilie Dequenne, mwenye umri wa miaka 17, aliigiza mhusika mkuu wa filamu yao Rosetta bila kuwahi kuonekana katika filamu. Mwaka huo wa 1999 jopo la tamasha la Cannes, likiongozwa na David Cronenberg, lilimpa tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwa pamoja na Séverine Caneele wa L'Humanité ya Bruno Dumont, na ya kiume likampa Emmanuel Schotté wa filamu hiyohiyo. Wote watatu walikuwa wageni wa kamera, na wenye taaluma walilalamika waziwazi. Malalamiko hayo yalikosa jambo moja: mtu asiyejulikana hajipeleki mwenyewe mbele ya kamera. Kuna aliyempata, akamsikiliza, na akawa radhi kuwaambia wakubwa wa filamu kwamba huyu ndiye.

Tangu miaka ya 2000 usaili wa mtaani umekuwa njia ya kawaida. Mchaguzi hubandika matangazo, husimama nje ya milango ya shule, viwanja vya mpira na vituo vya vijana, hurekodi mahojiano mafupi, kisha huwaita tena wachache na kuwajaribu wawiliwawili. Laurent Cantet alitumia warsha za kila wiki na wanafunzi wa shule moja ya Paris kuandaa Entre les murs, iliyotwaa Palme d'Or, tuzo kuu ya Cannes, mwaka 2008. Kwa Shéhérazade ya Jean-Bernard Marlin, ya mwaka 2018, msako wa waigizaji ulifanyika Marseille kwa miezi, na vijana wake wawili wakuu, Dylan Robert na Kenza Fortas, walitwaa tuzo zote mbili za César za waigizaji chipukizi mwaka 2019.

Sheria ya Ufaransa inataka mtoto aliye chini ya miaka 16 apate kibali cha mkuu wa mkoa, kwa ushauri wa tume maalumu, na sehemu ya ujira wake huwekwa akiba hadi awe mtu mzima. Fedha, hata hivyo, si hatari pekee. Adèle Haenel alikuwa amemsindikiza kaka yake kwenye usaili wa Les Diables, ya mwaka 2002, na Christel Baras, mchaguzi wa waigizaji wa filamu hiyo, akamwona. Baadaye Haenel alipata César mbili. Mwaka 2019 alieleza hadharani kwamba mwongozaji wa filamu hiyo alimdhalilisha kingono alipokuwa mtoto, na mwaka 2025 mahakama ya Paris ilimtia mwongozaji huyo hatiani. Tangu alipozungumza, swali la nani anamlinda mtoto baada ya kuchaguliwa limekuwa sehemu ya kazi yenyewe.

Aliyelichukua swali hilo mapema na kulifanya filamu ni Lise Akoka, mwigizaji aliyefanya kazi ya kusaili na kuwanoa watoto kabla ya kuwa mwongozaji. Akiwa na Romane Gueret alitengeneza filamu fupi Chasse royale, kuhusu msichana wa pembezoni mwa Valenciennes anayefuatwa shuleni na watu wanaosaka waigizaji. Iliteuliwa kuwania César ya filamu fupi mwaka 2017. Miaka mitano baadaye walitoa Les Pires, kuhusu kikosi cha filamu kinachofika kwenye mtaa mmoja wa Boulogne-sur-Mer na kuwachagua watoto ambao majirani wanawaona kuwa wabaya kuliko wote. Inaanza na mahojiano ya usaili: watoto wanatazama kamera, wanaulizwa wao ni nani. Ilitwaa tuzo kuu ya kitengo cha Un Certain Regard huko Cannes mwaka 2022, na Mallory Wanecque, mmoja wa waliopatikana katika msako wa waigizaji wa filamu hiyo, akateuliwa kuwania César.

Msako wa aina hiyo umefika pia Kongo. Rebelle ya Kim Nguyen, filamu ya Québec ya mwaka 2012, ilimtegemea Rachel Mwanza, binti aliyekuwa ameishi mitaani Kinshasa. Alipata tuzo ya Dubu wa Fedha ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la Berlin, na filamu ikateuliwa kuwania Oscar. Kwa Augure ya mwaka 2023, Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, aliwakutanisha waigizaji wenye uzoefu, kama Marc Zinga wa Likasi na Eliane Umuhire wa Rwanda, katika filamu inayozungumza Kifaransa, Kiswahili na Kilingala.

Kutambuliwa kumekuja polepole. Uingereza iliingiza kazi hii katika tuzo za BAFTA mwaka 2020, na Oscar ikaanzisha tuzo yake kwa filamu zilizotoka mwaka 2025. Québec ina tuzo ya Iris kwa ajili yake. Nchini Ufaransa, kamati inayopendekeza majina ya waigizaji chipukizi wa César imeundwa na wachaguzi wa waigizaji wenyewe. Wao huamua ni vijana gani wafikiriwe. Lakini hadi sherehe ya mwaka 2025 César haikuwa na tuzo ya kazi yao.