Kampuni ya Mbali, 1594–1602

Wengi wanaosimulia habari za Waholanzi katika bahari ya Asia huanzia mwaka 1602, ilipozaliwa ile kampuni kubwa ya VOC, yaani Kampuni ya Uholanzi ya India ya Mashariki. Mimi naanzia miaka minane nyuma, kwenye kampuni ndogo ambayo siku hizi wachache huitaja. Mwaka 1594 wafanyabiashara tisa wa Amsterdam, wakiwemo Reinier Pauw, Jan Karel na Dirck van Os, waliunda Compagnie van Verre, yaani Kampuni ya Mbali. Huko mbali kulikuwa Asia, nchi za pilipili manga, karafuu, kungumanga na basibasi. Haikudumu, lakini mema na maovu ya VOC yalikwisha kuonekana ndani yake.

Kabla ya hapo Waholanzi walinunua viungo Lisbon na kuvisambaza Ulaya ya kaskazini. Mambo yaliharibika mwaka 1580, mfalme wa Hispania alipotwaa na kiti cha Ureno. Waholanzi walikuwa vitani na mfalme huyohuyo, kwa hiyo Lisbon haikuwa bandari ya kutegemea tena. Pilipili ikaadimika, bei ikapanda. Kwenda kuifuata kwenyewe nako kulikuwa na Wareno njiani: walikuwa na ngome Msumbiji, Goa na Melaka, na mwaka 1593 walianza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa.

Kilichokosekana zaidi ni ujuzi wa njia, maana Wareno waliificha kama mtu anavyoficha dhahabu. Petrus Plancius, mchungaji aliyekuwa pia mchora ramani, alifanikiwa kupata ramani zao. Cornelis de Houtman alitumwa Lisbon mwaka 1592, kwa sura mfanyabiashara, kwa kazi jasusi. Lakini wa kukumbukwa kuliko wote ni Jan Huygen van Linschoten, kijana aliyekulia Enkhuizen, ambaye alikuwa karani wa askofu mkuu wa Goa. Akielekea huko mwaka 1583, meli yake ilitia nanga Msumbiji. Goa alikaa miaka mitano hivi, akiandika kila alichokisikia kwa mabaharia: pepo, mikondo, miamba na bei za sokoni. Ushauri wake kwa wenzake ulikuwa wazi: wasipite Mlango wa Melaka, kwa kuwa Wareno wapo, wazunguke kusini ya Sumatra, waingie kwa Mlango wa Sunda.

Mtaji ulifika karibu gilda 290,000. Serikali iliwapa mizinga. Meli zilikuwa nne: Mauritius, Hollandia, Amsterdam na Duyfken, ndogo kama jina lake, maana ni njiwa mdogo. Ziling'oa nanga Texel tarehe 2 Aprili 1595 zikiwa na watu wapatao 250. Hawakupewa amiri mmoja. Maamuzi yalikuwa ya baraza la manahodha na wafanyabiashara, na kosa hilo liliwagharimu tangu mwanzo, kwa sababu Houtman, aliyekuwa mfanyabiashara mkuu, hakuwa mtu wa kupatana na wenziwe.

Kabla hawajafika nusu ya safari, kiseyeye kiliwaingia. Fizi zilioza, miguu ikavimba, watu wakafa mmoja baada ya mwingine. Walipofika Madagaska, Bukini ya wazee wetu, walishuka kutafuta matunda na nyama, wakazika wenzao wengi huko. Miezi ilipita kati ya magonjwa na ugomvi. Ndipo mwezi Juni 1596, zaidi ya miezi 14 tangu waondoke kwao, walipoingia Banten, kwenye pwani ya kaskazini ya Java.

Banten ilikuwa bandari ya watu wazoefu. Wachina, Wagujarati, Waarabu, Waajemi na Wareno walifanya biashara hapo, kila mmoja akijua adabu ya mahali. Wageni walipokewa vizuri, mkataba ukaandikwa. Houtman akauvunja uhusiano ule kwa ufidhuli na kutokuwa na subira, akakamatwa, akakombolewa kwa fedha, na meli zake zikaupiga mji mizinga. Huko Sidayu, kwenye pwani hiyohiyo ya Java, Waholanzi walivamiwa, baadhi yao wakauawa. Kwenye pwani ya kisiwa cha Madura waliwafyatulia watu waliokuja kuwapokea, akiwemo mtawala wao. Hayo siwezi kuyapita haraka. Madura hakukuwa na vita mpaka Waholanzi walipoileta.

Meli ya Amsterdam ilichakaa, wakaichoma moto wenyewe Januari 1597. Zilizobaki tatu zilirudi Agosti mwaka huo zikiwa na watu wasiofika 90. Shehena ilikuwa ndogo, ya kurudisha gharama tu, lakini ilitosha kuthibitisha kwamba njia inapitika.

Safari ya pili ilikuwa na sura nyingine kabisa. Jacob van Neck aliondoka Texel Mei 1598 na meli nane, akafika Banten kabla miezi saba haijatimia. Alilipa bei aliyotakiwa, akawaheshimu wenyeji, na Julai 1599 meli zake nne zilirejea zimejaa. Kengele za makanisa zikapigwa Amsterdam. Meli nyingine za msafara huo, chini ya Wybrand van Warwijck, zilikuwa zimetia nanga kwenye kisiwa kisicho na watu wakakiita Mauritius, kwa jina la mwanamfalme Maurits. Ni kisiwa hichohicho ambako mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alipeleka miche ya mikarafuu iliyotoroshwa kutoka visiwa vya Maluku, na kutoka maeneo hayo mikarafuu ilifika Zanzibar.

Jacob van Heemskerck wa msafara huohuo alifika Banda mwaka 1599, nyumbani kwa kungumanga. Alinunua, akaacha baadhi ya watu wake waendelee kununua. Mwaka 1621 Jan Pieterszoon Coen wa VOC alirudi Banda na jeshi. Kati ya wakazi wanaokadiriwa kuwa 15,000, wengi waliuawa, walikufa njaa au walichukuliwa utumwani.

Faida ya van Neck iliwaamsha wote. Miji ya Uholanzi na Zeeland iliunda kampuni zake, zikashindana mpaka viungo vikapanda bei Asia na kushuka Ulaya. Mwanasiasa Johan van Oldenbarnevelt alisukuma ziunganishwe, na tarehe 20 Machi 1602 hati ya VOC ikatolewa. Kampuni ya Mbali, ambayo tangu 1598 ilikuwa imekwisha kuungana na kampuni nyingine ya mjini, ikaishia humo.

Daftari la hisa la Amsterdam liliwekwa nyumbani kwa Dirck van Os, mmoja wa wale tisa. Mtu yeyote aliruhusiwa kuandikisha kiasi alicho nacho, na zaidi ya watu 1,100 waliandikisha. Miongoni mwa wa mwisho kabisa, siku ya kufunga daftari, 31 Agosti, alikuwa mtumishi wa nyumba hiyo, Neeltgen Cornelis. Aliweka gilda 100.