Udongo wa Shauri Moyo

Ewe msomaji, ukipita Shauri Moyo, mashariki ya Nairobi, utasikia nyundo zikilia tangu asubuhi. Mafundi wanakunja mabati kuwa majiko. Wapitao husifu bati, kwa kuwa ndilo linalong'aa. Lakini chungulia ndani, nawe utaona ya kuwa makaa hayakai juu ya bati, bali juu ya udongo uliochomwa. Udongo huo una historia yake.

Ufinyanzi ni kazi ya kale katika nchi yetu. Mahali paitwapo Urewe, huko Siaya, vilipatikana vyungu vyenye kibonyeo kitakoni, na habari zake zikachapishwa mwaka 1948. Vyungu vya namna hiyo vilifinyangwa kwa mikono zaidi ya miaka 1,500 iliyopita.

Mimi niliyajua hayo kwa vitabu tu, mpaka nilipojiunga na darasa la wanaoanza ufinyanzi. Tulifundishwa kukanda udongo hata hewa itoke, kuusokota kama kamba, kuzipanga kamba hizo duara juu ya duara, kisha kukiacha chungu kivulini kikauke polepole. Mimi nikaona siku ni nyingi. Nikakitia changu motoni kingali na unyevu. Maji yakageuka mvuke, mvuke ukakosa njia, chungu kikapasuka, na vipande vyake vikavunja cha mwenzangu. Hasara ilikuwa ndogo, lakini aibu ilikuwa kubwa.

Sasa rudi Shauri Moyo. Jiko la bati tupu hupoteza joto jingi ubavuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu na mafundi wa Kenya walichukua mfano wa jiko la Thailand, lenye umbo la ndoo, wakalibadili: wakalibana kiunoni, na udongo wakautia sehemu ya juu tu. Jiko hilo hula makaa machache kuliko lile la zamani, na akiba hiyo si haba kwa mwenye kununua makaa kwa kopo.

Lakini udongo huo hupata moto na kupoa kila siku. Ukikandwa kwa haraka, au ukichomwa nusunusu, hupasuka. Na alipaye si fundi, bali mama aliyelinunua.

Wazee husema mfinyanzi hulia gaeni. Kazi yake haionekani, wala jina lake halitajwi. Hata hivyo, msomaji, jioni hii ugali ukitokota nyumbani kwenu, mkumbuke yule aliyengoja udongo ukauke.