Mota za Mtumba, Makambako

Makambako ni mji unaopitiwa na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Mwaka 2018 njia ya umeme ya kilovoti 220 ilikamilika kutoka hapo hadi Songea, kupitia Njombe.

Umeme una historia yake, na mota pia. Ya fezi tatu aliibuni Mikhail Dolivo-Dobrovolsky mwaka 1889. Nyumbani fezi huwa moja, hivyo aliyeokoa mota chakavu ya fezi tatu yenye kibao cha volti 230/400 hufungua kiboksi cha nyaya, huhamisha vipande vitatu vya shaba kutoka nyota kwenda delta, kisha hufunga kapasita.

Nguvu ya mota hushuka hadi takriban theluthi mbili. Jiwe la kunolea litazunguka vizuri. Kinu cha mahindi kitaielemea mota.