Ndege za vita ndani ya ordinatere: namna gani zinatengenezwa zifanane na zile za kweli

Kuko michezo ya ordinatere ambamo mtu anakaa mbele ya kioo, anashika fimbo ya kuongozea na anarusha ndege ya vita kama piloti. Inaitwa simulateri. Si mchezo wa kupigapiga tu. Programu inahesabu uzito wa ndege, nguvu ya moteri, upepo na esansi iliyobaki, na ukikosea unaanguka. Kati ya zile zinazojulikana sana kuko Combat Flight Simulator ya kampuni Microsoft, iliyotoka mwaka 1998, na IL-2 Sturmovik, iliyotengenezwa Urusi na kutoka mwaka 2001. Hiyo ya pili ilichukua jina la ndege ya Kirusi Il-2, ambayo wakati wa Vita Kuu ya pili zilitengenezwa zaidi ya 36,000.

Watu waliocheza michezo hii hawakutosheka na ndege walizozikuta ndani. Walianza kutengeneza zingine wao wenyewe na kuziingiza. Ndege ya namna hiyo, iliyoongezwa na mchezaji, inaitwa modi. Wengi wanaifanya bure, usiku kisha kazi, na inaweza kuwachukua miezi au miaka. Makala hii inaeleza kazi yenyewe inafanyika namna gani. Inatuhusu pia sisi wa mashariki na wa Katanga, sababu ndege za vita zilizopita juu ya vichwa vya wazee wetu ziko pia kati ya zile zinazostahili kutengenezwa vizuri.

Dosie zilizo wazi na dosie zilizofungwa

Katika mchezo wa Microsoft, kila ndege ilikuwa na dosie yake. Ndani yake mlikuwa dosie ndogo: moja ya umbo, moja ya rangi, moja ya sauti na moja ya tablo ya piloti. Pembeni kulikuwa faili zinazosema ndege inaruka namna gani, na faili ingine inayosema kitu gani kinaharibika risasi ikiingia. Mtu mwenye subira aliweza kuzifungua, kusoma na kubadilisha.

IL-2 ilikuwa tofauti. Mwanzoni wachezaji waliruhusiwa kupaka ndege rangi tu. Mambo mengine yote yalikuwa yamefungwa, mpaka mwaka 2007 watu walipopata njia ya kuingia ndani. Hapo mabishano yakaanza. Wengine walifurahi kupata ndege mpya. Wengine waliogopa udanganyifu, sababu mchezo huu unachezwa na watu wengi pamoja kupitia intaneti. Mtu akiongezea ndege yake nguvu kwa siri, wenzake watapigwa bila kujua juu ya nini.

Ndege moja, siku moja

Mtengenezaji mzuri hasemi tu «nitatengeneza ndege fulani». Anauliza kwanza: ni ya aina gani, ya jeshi gani, ya mwaka gani, na ilikuwa inaruka kutoka kiwanja gani? Ndege za vita zilikuwa zinabadilishwa kila mara. Mwaka moja tu unatosha kubadilisha moteri, bawa, silaha na rangi.

Tuchukue mfano wa kwetu, J 29 ya kampuni Saab ya Uswidi. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1948, na zilitengenezwa 661. Waswedi waliiita Tunnan, maana yake pipa, juu ya tumbo lake nene. Mwezi wa Oktoba 1961, J 29 tano zilifika Kongo kusaidia jeshi la Umoja wa Mataifa, ONU. Mwaka 1962 zikaongezwa zingine, pamoja na mbili za kupiga foto. Mwisho wa Desemba 1962 zilishambulia ndege za Katanga kwenye kiwanja cha Kengere, Kolwezi.

Hapo ndipo kuna mtego. J 29 zilizokuja kupigana Kongo zilikuwa za aina B. Inayoonekana zaidi katika vitabu na makumbusho ni ile ya mwisho, aina F. Aina F iko na kifaa cha kuwasha moto wa ziada nyuma ya moteri, na ukingo wa mbele wa bawa lake umekatwa kama jino. Mtu akichukua umbo la F, akalipaka alama za ONU na kuandika «Kongo 1961», kwa macho inapendeza. Lakini ndege ile haikuwa hapa. Inapanda haraka kuliko zilivyoweza kupanda zile za kweli, na mchezaji anajifunza uongo bila kujua.

Hata hesabu ya ndege ni sehemu ya ukweli. Mwezi wa Septemba 1961, Katanga ilikuwa na Fouga Magister moja tu iliyokuwa bado inaruka. Hiyo ni ndege ndogo ya Ufaransa, ya kufundishia mapiloti, yenye moteri mbili na mkia wa umbo la herufi V. Ilibeba bunduki mbili za mashine na bombe ndogo. Lakini wakati ule ONU haikuwa na ndege ya vita hata moja Kongo, kwa hiyo ile moja ilisumbua jeshi zima, hata askari wa Ireland waliozungukwa Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Mchezo ukionyesha Fouga kumi angani, umekosa maana yote ya siku zile.

Karatasi, foto na vyuma

Ushahidi wa kwanza ni kitabu cha piloti, kile jeshi lilichompa asome mbele ya kuruka. Mnaandikwa uzito, mwendo, na mambo yaliyokatazwa. Wa pili ni michoro ya kiwanda. Michoro iliyo katika vitabu vya kuuzwa ni ya kuangalia kwa uangalifu, sababu mchoraji moja akikosea, wengine wanamfuata na kosa linazeeka likionekana kama ukweli.

Wa tatu ni ndege yenyewe kama ingali iko. Makumbusho ya jeshi la anga la Uswidi, kule Linköping, yanatunza J 29. Lakini ndege ya makumbusho nayo inaweza kudanganya. Pengine ilipakwa rangi upya, ao ilitengenezwa kwa vipande vya ndege mbili.

Wa nne ni foto. Foto nyeusi na nyeupe inasema vizuri mahali alama ilipokuwa, lakini juu ya rangi inapoteza watu. Filamu nyingi za zamani, kwa mfano za wakati wa vita ya 1914, hazikuona nyekundu vizuri. Nyekundu na manjano zilitoka nyeusi, na bluu ikatoka nyeupe. Mtu asiyejua hilo ataona alama ya manjano na kuipaka rangi ya giza.

Ripoti za adui pia zinasaidia. Mwaka 1942 Wamarekani walikuta ndege ya Kijapani aina Zero iliyoanguka katika visiwa vya Aleutian, upande wa Alaska. Waliitengeneza na kuirusha, wakaandika nguvu zake na udhaifu wake. Lakini ndege iliyoanguka na kuungwa upya haiwezi kuwa sawa kabisa na mpya. Mwenye kutumia namba zake anapaswa kukumbuka hilo.

Umbo na rangi

Umbo linachorwa katika programu kama Blender, ambayo ni ya bure. Ndege yote inaundwa kwa pembetatu ndogondogo, sawa kikapu kinavyosukwa. Pembetatu zikiwa nyingi, ndege inakuwa laini, lakini ordinatere inachoka. Kwa hiyo mtengenezaji anatoa maumbo kadhaa ya ndege ileile: la karibu lenye kila kitu, na mengine mepesi ya kuonekana kwa mbali.

Rangi ni kama nguo inayovishwa juu ya umbo. Katika IL-2 ya kwanza, nguo hiyo ilikuwa picha moja ya mraba, nukta 1,024 kwa 1,024, yenye rangi 256 tu. Ndani yake mtengenezaji anaweka mistari ya vyuma, misumari, moshi nyuma ya bomba na matope ya kiwanja. Kutia uchafu pia kunahitaji ushahidi. Ndege ya jangwani inachubuka kwa mchanga, ya kwetu inashika vumbi nyekundu na mvua.

Kuna alama ambazo sheria inazigusa. Ujerumani inakataza kuonyesha alama za Wanazi ovyo, na IL-2 ilitoka bila ule msalaba wao kwenye mikia ya ndege za Kijerumani. Hapo ukweli wa historia na sheria vilikutana, na sheria ikapita kwanza.

Namna inavyoruka

Hii ndiyo sehemu ngumu, na haionekani kwa macho. Mtengenezaji anaingiza uzito wa ndege tupu, uzito wa esansi, ukubwa wa mabawa na nguvu ya moteri. Kisha anajaribu kwa saa mkononi: kupanda mpaka mita 5,000 kunachukua dakika ngapi? Mwendo wa juu ni gani kila mahali angani? Ikipunguza mwendo, inaanguka kwa kilomita ngapi kwa saa? Analinganisha na kitabu, anarekebisha, anaanza tena.

Makosa mawili yanarudi kila mara. La kwanza ni mwendo. Mshale wa ndani ya ndege unapima nguvu ya hewa inayopiga mbele. Kule juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo mshale unaonyesha kidogo kuliko mwendo wa kweli. Ukisoma namba katika kitabu bila kujua ni mwendo gani kati ya hizo mbili, ndege yako itakuwa na mbio nyingi ao itakuwa nzito kupita kiasi.

La pili ni mahali. Namba nyingi za vitabu zinahesabiwa kwa usawa wa bahari. Kiwanja cha Lubumbashi kiko karibu mita 1,300 juu ya bahari. Kwa urefu huo hewa imepungua karibu 12 kwa mia, na wakati wa joto inapungua zaidi. Moteri inapata hewa kidogo, mabawa yanabeba kidogo, ndege inahitaji barabara ndefu mbele ya kupaa. Watu wa Goma na Bukavu, ambako viwanja viko juu zaidi, wanaelewa jambo hili bila kufundishwa.

Mambo ambayo mchezo hauonyeshi

Silaha pia zinahesabiwa. J 29 ilibeba mizinga minne ya milimita 20. Mtengenezaji anatafuta risasi zilikuwa ngapi, zilitoka mbio gani, na zinavunja kitu gani zikipiga. Lakini kawaida katika simulateri chini kuna magari, nyumba na viwanja tu. Mama aliyekimbia na watoto hayuko.

Hapa kwetu sauti ya ndege ya vita si mchezo. Msomaji anaweza kuuliza kama si kosa kuifanya starehe. Jibu si rahisi. Ila kuna tofauti kati ya modi inayotoa vita kama sherehe, na ile inayokuja na karatasi ya maelezo: ndege hii ilikuwa ya nani, ilipiga wapi, tarehe gani, na kitu gani mtengenezaji alikijua kwa ushahidi na kitu gani alikikadiria. Watengenezaji wanaoheshimiwa wanaandika hiyo karatasi. Wanataja pia kazi za wenzao walizozitumia, na wanaomba ruhusa mbele ya kuzichukua.

Yaliyo mikononi mwetu

Anga letu liko na historia ndefu kuliko wengi wanavyofikiri. Mwaka 1916 Wabelgiji walileta kwenye ziwa Tanganyika ndege za kutua juu ya maji, aina Short 827, walizoazima kwa Waingereza. Zilipaa kutoka upande wa Mtoa, kaskazini ya Kalemie, zikapiga bombe Kigoma iliyokuwa ya Wajerumani. Katika vita ya Katanga, mbali na Waswedi, India ilileta Canberra na Ethiopia F-86. Mwaka 1964 na 1965, wakati wa Simba, zilikuja T-28 na B-26 za Marekani, zikirushwa na Wakuba waliomkimbia Castro. Zilifanya kazi mpaka upande wa Bukavu, Albertville na Stanleyville.

Nyingi ya vyuma vile havipo tena. Hata zile J 29, sehemu kubwa haikurudi kwao. Kazi ilipoisha mwaka 1963, Waswedi wenyewe waliziharibu Kamina. Kwa hiyo foto iliyo katika sanduku la babu, ya ndege imesimama nyuma ya watu walioalikwa kiwanjani, inaweza kuwa ushahidi wa rangi ao alama ambayo hakuna kitabu kinaionyesha.

Kama uko na foto ya namna hiyo, usiioshe wala usiikate. Iandike nyuma kwa krayo, polepole: mahali, mwaka, na majina ya watu walio ndani. Ipige foto kwa simu, mbele na nyuma, umpe mtu mwingine wa familia nakala. Muulize mzee angali anaongea: ndege ilitoka upande gani, ilikuwa na propela ao hapana, ilipita saa gani, nani alikufa siku ile.

Tunaongea hapa foto za zamani. Kupiga foto ndege ya jeshi ao kiwanja cha ndege siku hizi kunaweza kukuletea matata makubwa na walinzi. Usijaribu.